Kabureta Mbili na Shali ya Mama

Kwa miezi mingi baada ya mama kupooza, watu walinitaka niishukuru injini. Walikuja kwetu Kitale na ndizi na maombi, wakakaa, wakanywa chai, na kabla kikombe hakijafika nusu mmoja wao angesema, "Lakini Mungu ni mwema. Si baba watoto alikuwa ameongezea hiyo gari nguvu?" Mimi ningeinuka, niende jikoni, nigongegonge sufuria zilizokuwa safi tayari. Walidhani nalia. Nilikuwa na hasira. Nimechoka kuambiwa hasira hasara na watu ambao hawakuwa kwenye ile barabara ya Ndalu, kwa hivyo leo nitaieleza yote, na asiyependa aende zake.

Gari lilikuwa la baba yangu. Gari dogo la Kijapani la miaka ya sabini, milango miwili, rangi ya chai ya maziwa. Baba alilinunua likiwa limeshazeeka kidogo, akalitunza kuliko alivyojitunza yeye. Kila Jumamosi alilifuta kwa kipande cha fulana yake ya zamani, na ole wako ulishike kwa mikono yenye mafuta. Macho yalipoanza kumwacha alinifundisha mimi kuendesha, kwa sababu ndugu zangu wa kiume walikuwa wanazilazimisha gia hadi zinapiga kelele. "Wewe una mguu wa kusikiliza," aliniambia. Nikawa ndiye wa kumpeleka kanisani, sokoni na kwa daktari wa macho. Alipofariki, ndugu zangu walikaa wakagawana mashamba na ng'ombe, na mama akasema gari ni la binti yake, maana yeye ndiye aliyekuwa macho ya baba yake. Hakuna aliyebisha. Nadhani waliliona kopo tu.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa, tunaishi Kitale. Mume wangu aliajiriwa serikalini, mimi nilikuwa na mashine ya kufuma sweta za shule pale chumba cha mbele. Kopo hilo ndilo lililonilisha. Siku ya soko la Chwele nililijaza sweta hadi kioo cha nyuma kikafichika, nikateremka nazo polepole. Nikitaka kupeleka sweta shule za Ndalu, nililala kwa mama, nikarudi kesho yake. Asubuhi ulivuta choki, kile kitufe cha kuamshia injini baridi, ukazungusha ufunguo, likaitika. Mlimani niliweka gia ya pili, nikaimba pambio, na malori ya mahindi yakanipita. Niliyapungia mkono. Sikuwa na haraka, na sweta haziozi.

Mume wangu si mtu mbaya. Niliweke hilo wazi kabla sijaendelea, kwa sababu najua nitakavyoendelea. Hanywi, hapigi, watoto wanampenda. Lakini ana kiburi kile cha mwanamume aliyezaliwa wa kwanza. Desemba moja tulikuwa tunaenda kwao, upande wa Chwele, tukakutana mlimani na mdogo wake aliyekuwa ametoka Nairobi na gari jipya. Alitupita kama tumesimama. Watoto wake walitutolea ndimi kupitia kioo cha nyuma. Jioni tukiwa mezani huyo mdogo mtu akauliza, "Kaka, wewe ndiye ulikuja na hiyo gari, ama mlikuja mkiisukuma?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana ilichekesha. Mume wangu hakucheka, akaendelea kukata nyama vipande vidogo vidogo ambavyo hakuvila.

Kicheko hicho kilinigharimu gari langu.

Januari akapata fundi. Kila mji una fundi wa aina hii, ovaroli safi, maneno mengi, picha za magari ya mashindano zimebandikwa ukutani. Alizunguka gari la baba akilipigapiga boneti. "Mama, Kitale iko juu," aliniambia. "Hewa ya huku ni nyepesi. Hii injini inapumua na pua moja. Si tuiwekee pua mbili?" Mume wangu alimtazama kama muumini anavyomtazama mhubiri wa kutoka mbali. Pua mbili ndizo kabureta mbili, kubwa, za kutoka gari jingine kabisa, ambazo zilitafutwa mpaka zikapatikana Bungoma kwa mtu wa vipuri vya zamani. Zilikuja zimefungwa kwenye gazeti, na mume wangu aliziweka juu ya meza ya kulia chakula tukazizunguka na sahani zetu.

Kabureta ile moja ya baba, ndogo, nyeusi kwa uzee, fundi alitaka kuondoka nayo. Nilimpokonya. Niliifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaitia ndani ya gunia la nyuzi chini ya mashine yangu. Sikumwambia mtu.

Halafu mambo yakafuatana. Nguvu ya injini, nilikuja kujua, ni kama msiba: ukipokea mgeni mmoja, wanaingia wote. Kabureta mbili zilitaka bomba pana la moshi. Bomba likawekwa, gari likaanza kunguruma mtaa mzima ukijua tumefika. Kisha kichwa cha silinda kikapelekwa kusagwa, ili mafuta yabanwe zaidi kabla ya kulipuka. Kisha kemshafti nyingine, ule mtaimbo unaofungua na kufunga vali, kali zaidi, nayo ikatoka Bungoma. Mwishowe lile gurudumu zito la chuma linalozunguka nyuma ya injini likachongwa likawa jepesi, eti injini iamke haraka. Kila kitu kilikuja na mahubiri yake wakati wa chakula. Niliuliza swali moja tu. "Na nani atakuwa anaiendesha?"

"Si sisi wote," akasema, mdomo umejaa ugali.

Sitadanganya, nguvu zilipatikana. Siku ya kwanza alitupeleka barabara ya Kiminini, na alipokanyaga mafuta mgongo wangu ulibandikwa kwenye kiti. Tulipita pikapu, tukapita lori, tukapita mtu aliyekuwa na gari la maana. Mume wangu alicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuoane. Hata mimi nilitabasamu kidogo, kusema kweli.

Lakini gari lile sasa lilijua kukimbia tu. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, linazima. Ukienda polepole, linakohoa, linazima. Klachi ilikuwa imebadilishwa na kuwa ngumu kama kukanyaga kisiki. Choki ilikuwa imeondolewa. Kuliwasha kukawa ibada: kanyaga mafuta mara mbili, achilia, kisha ushikilie nusu, zungusha ufunguo, na likikohoa usiongeze hata kidogo, maana litajaa mafuta na plagi zitalowa. Mume wangu aliifanya ibada hiyo huku akiangalia pembeni, ajionyeshe kwamba ni rahisi. Mimi nililizima katikati ya makutano ya Kitale nikiwa na sweta za shule nzima ndani, na watu wa mikokoteni wakanizunguka wakitoa ushauri. "Madam, ati hii ni gari ama ni posho mill ya kusaga mahindi?" Nilisukumwa hadi kando ya barabara kama mgonjwa.

Nilimwambia arudishe injini kama ilivyokuwa. Akaniambia, "Utazoea. Hii inataka mkono." Nilimwambia tena. Akasema kurudisha nyuma ni hasara. Basi nikaanza kungoja Jumamosi anipeleke Chwele, yeye akiwa usukani na mimi kando, nimebeba sweta mapajani. Gari langu, na mimi abiria. Na hapo bado sijaeleza habari ya mama.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Wageni hudhani ni chuki, kumbe ni heshima. Hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mwingine apite. Mama yangu alikuwa na shali ya kahawia, na mume wangu akitokea lango la Ndalu aliivuta uso wote ukapotea, hata kama alikuwa katikati ya sentensi. Mambo ya kuambiana yalipitia kwangu. "Mwambie chakula kiko tayari." "Mwambie ahsante." Kwa miaka yote hiyo mama hakuwahi kuketi katika gari akiwamo mume wangu. Angeketi wapi? Gari la milango miwili, pumzi ya dereva unaisikia shingoni. Mama alisafiri na mimi, mimi nikiendesha, na ndiyo maana alisema gari liwe langu. Alijua alichokuwa anafanya.

Kuna njia ya kulegeza mwiko huo. Mkwe huja na blanketi, akiandamana na watu wazima wa kwao, wajomba wa mke wakishuhudia, anamfunika mama mkwe mabegani, watu wanakula, yanaisha. Baada ya hapo wanaweza kuketi pamoja kama watu. Wajomba zangu walimwambia mume wangu mapema, kwa upole. Akasema Desemba. Desemba ilipofika, kulikuwa na kemshafti. Akasema Desemba itakayofuata. Blanketi! Nilimuuliza kama anajua blanketi ni nini. Akanijibu kwamba si blanketi tu, kuna mbuzi, kuna chakula, kuna usafiri wa wazee, na mambo mazuri hayataki haraka. Mtu aliyekuwa amejenga injini ya kupita kila mtu barabarani ndiye aliyeniambia mambo mazuri hayataki haraka.

Basi ikafika asubuhi ile. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, tumekwenda Ndalu kusaidia kupalilia. Mume wangu alilala nyumba ya kaka yangu, ng'ambo ya boma, kama desturi inavyotaka. Kaka mwenyewe alikuwa ameondoka alfajiri na pikapu yake kupeleka ndama Chwele. Nilipoingia jikoni nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda kando ya meko, kikombe kimeanguka, chai inapotea kwenye majivu. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kana kwamba mtu mwingine ameusahau hapo. Mdomo umevutika upande mmoja.

"Mkono umelala," aliniambia, au alijaribu kuniambia. Maneno yalitoka mazito, yamelowa.

Nilipiga kelele. Mke wa kaka akaja mbio, mume wangu naye akasikia akiwa kule ng'ambo. Matatu za asubuhi zilikuwa zimeshaondoka, siku hiyo haikuwa ya soko pale Ndalu, na kwa matope yale hakuna gari lingine lingepita kabla ya mchana. Tulimwinua mama, mimi upande huu, wifi upande ule, mguu wake wa kulia ukiburuta. Tulipotoka nje gari lilikuwa tayari mlangoni, linanguruma, mume wangu usukani, anakanyagakanyaga mafuta lisizime. "Mleteni!" akaita, uso ameugeuzia upande wa shamba.

Mama akasimama. Aligeuza kichwa, mkono wa kushoto ukatafuta shali.

"Siingii humo na mkwe wangu," akasema.

Nilimsihi. Wifi alimsihi, akalia. Nilimwambia Mungu anaona, ni ugonjwa, hakuna atakayemlaumu. Mama akatikisa kichwa. "Niingie na mkwe kwenye kikopo, magoti kwa magoti? Bora nife hapa kwangu na adabu zangu." Sasa kuna mtu atasema, na wamesema, kwamba mila ndiyo ilimchelewesha mama. Huyo anikome. Mila ilikuwa pale tangu bibi yangu, kila mtu anaijua, na ina dawa yake, nayo ni blanketi. Na hata bila blanketi, mila hiyo haikuwahi kumzuia mama kufika hospitali, kwa sababu kulikuwa na gari na kulikuwa na binti wa kuliendesha. Ni hicho ndicho kilichoondolewa, kipande kwa kipande, juu ya meza yangu ya chakula.

"Mimi nitaendesha," nikasema.

Mume wangu alitoka, akaenda nyuma ya ghala la mahindi ili mama apite. Alipoondoa mguu tu, gari likazima.

Tulimlaza mama kiti cha nyuma, wifi akabaki nyumbani. Nikaketi mbele, nikavuta pumzi. Mara mbili, achilia, nusu, ufunguo. Kutoka nyuma ya ghala nilisikia sauti ya mume wangu, "Usiongeze! Usiongeze!" Likashika. Nikaachilia klachi, gari likaruka, magurudumu ya nyuma yakazunguka kwenye tope yakitapika udongo hadi kwenye ukuta wa jikoni. Nguvu zote zile, na kazi yake ni kuchimba mashimo. Gari la baba lingetambaa likatoka, lilishafanya hivyo misimu mingi. Hili halikujua kutambaa. Tulitoka langoni tukienda mshazari.

Mume wangu akachukua baiskeli ya kaka akatufuata. Niwachoree picha hiyo vizuri, kwa sababu huwa hawaisimulii: gari la kabureta mbili, kemshafti kali na bomba la kunguruma linakwenda mbele, nyuma yake mtumishi wa serikali juu ya baiskeli, mvua inamnyeshea, na anatufikia kila mara. Kwa sababu tulizima. Tulizima kwenye dimbwi la kwanza, nilipopunguza mwendo. Tulizima penye ng'ombe wanavuka. Kila tulipozima, mama alivuta shali usoni kwa mkono wa kushoto, na mume wangu alifika anahema, akafungua boneti ili imkinge asionekane. Akiwa hapo nyuma ya boneti alinipigia kelele za mwongozo kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Plagi zikalowa. Akazifungua, akazipangusa kwa shati lake, akazirudisha moja moja. Mimi nimeketi na ufunguo mkononi, nasikiliza pumzi ya mama nyuma yangu, nikiisikia inabadilika. Mguu wangu wa kusikiliza ulikuwa na kitu kimoja tu cha kusikiliza, na hakikuwa injini.

Kabla ya kufika lami kuna daraja, na baada ya daraja kuna mlima mfupi wa udongo mwekundu. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Nilikwenda na kasi, nikafika katikati, magurudumu yakaanza kuzunguka bure, nikapunguza mafuta kidogo yashike, likazima. Tulirudi kinyumenyume hadi darajani, mguu wangu umekaza breki. Nikajaribu tena. Tukarudi tena. Mara ya mwisho gari liliserereka likasimama na mgongo kwenye ukingo wa mtaro, na nikaanza kuupiga usukani kwa ngumi na kulitukana gari la baba yangu, matusi ambayo sikujua ninayajua.

"Mwambie aingie," mama akasema kutoka nyuma.

"Hapana, mama. Nitajaribu tena."

"Mwambie."

Mume wangu alikuwa amesimama mvuani, ameshika baiskeli, uso ameuelekezea mtoni. Nilishusha kioo nikamwambia. Alitikisa kichwa bila kugeuka. "Siwezi," akasema. "Ni mama." Na hapo, nitamtendea haki, sauti yake ilivunjika. Hakuwa mtu wa kudharau mambo haya. Alikuwa tu ameyaahirisha.

Mama akasema neno ambalo hakuwa amelisema katika miaka yote ya ndoa yangu. Alimwita yeye mwenyewe, moja kwa moja, kwa ule mdomo uliopinda. "Mkwe," akasema. "Ingia."

Aliiacha baiskeli ikaanguka njiani. Mimi nikapanda nyuma, nikakiweka kichwa cha mama mapajani mwangu. Kabla ya kugusa ufunguo, mume wangu aliinua mkono akakigeuza kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma kikatazama juu, kwenye paa, asije akamwona mama hata kwa bahati mbaya. Kisha akafanya ibada yake, mara mbili, achilia, nusu, na gari likanguruma. Sikuona alivyotoka pale mlimani, nilihisi tu mwili unavutwa nyuma. Mama alikuwa anajaribu kujifunika, na mkono wa kushoto ulikuwa umechoka, shali ikawa inateleza. Anaivuta, inateleza. Nikaichukua mimi. Niliishika juu ya uso wa mama yangu kwa mikono miwili kutoka daraja lile hadi Kitale, na chini ya vidole vyangu kitambaa kikawa kinalowa, na haikuwa mvua.

Kwenye lami, ndiyo, tulikimbia. Tulipita kila kitu. Hiyo ndiyo sehemu wanayoipenda.

Hospitalini walimpokea vizuri. Daktari aliuliza alianza saa ngapi, nikamwambia ilikuwa asubuhi mapema, akatazama dirishani, ilikuwa mchana. Akasema kwa ugonjwa huu mgonjwa akifika mapema ni bora zaidi. Hakusema mkono ungepona. Mume wangu amenikumbusha hilo mara nyingi, kwamba daktari hakusema. Ni kweli, hakusema. Nasema mimi.

Mama aliishi. Mguu ulirudi nusu, maneno yalirudi machache, mkono wa kulia haukurudi. Mkono huo ndio uliokuwa umepukuchua mahindi na kuandika majina yetu kwenye mifuko ya shule. Na blanketi likaja. Oh, lilikuja haraka mno, kabla hata mama hajaanza kutembea na fimbo, la manyoya, zuri, wazee wa Chwele wameketi, mbuzi amechinjwa. Mume wangu alimfunika mama mabegani, na mama akakubali kwa kichwa. Wajomba wakasema yameisha. Sikuona kilichoisha.

Krismasi tulikuwa wote Ndalu. Mwiko umeondoka, kwa hivyo mume wangu aliketi sebuleni pamoja na mama, mara ya kwanza. Mama alikuwa kwenye kiti chake ukutani, blanketi magotini. Kaka zangu walikuwapo, mjomba mkubwa, na hata yule mdogo mtu wa Nairobi, amekuja kusalimia. Mimi nagawa wali. Yule mdogo mtu akasema, "Kaka, hebu wape ile ya siku ya mlima." Akaisema kwa heshima, jamani. Hakuwa anamcheka tena. Ndicho alichokuwa akikitaka mume wangu tangu ile Desemba ya ndimi, na sasa alikuwa amepewa.

Alikataa kidogo, wakamsukuma, akaanza. Mwanzoni pole, kisha akasimama. Mikono ikashika usukani usioonekana. Gia ya pili, matope huku na huku, injini inalia, gari linapaa. Hakukuwa na baiskeli kwenye hadithi hiyo. Hakukuwa na boneti wala plagi zilizolowa. "Tukafika lami, bana, nikafungulia pua zote mbili. Kuna mtu alijaribu kunifuata, nikamwacha hapo hapo. Nikamwambia mama, shika imara—"

Hakuwahi kumwambia mama chochote.

Nilikuwa nimesimama na sahani nikaona mkono wa kushoto wa mama unatembea. Ulishika pindo la blanketi. Ulilivuta polepole, kwa shida, likapanda kifuani, likapanda kidevuni, likafunika mdomo uliopinda na pua na macho, mpaka hatukuona chochote cha mama ila nywele nyeupe kidogo juu. Blanketi lile lile.

Kila mtu mle ndani alizaliwa kwetu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama mkwe akijifunika uso, anayeondoka si yeye. Mjomba alikohoa akatazama sakafu. Mume wangu alibaki amesimama na mikono yake juu ya usukani wa hewa, kisha akaishusha, akageuka, akatoka nje pasipo kusema lolote, maana hakuwa na ruhusa tena ya kusema. Tulimsikia akifungua mlango wa gari na kuufunga. Hakuliwasha.

Tuliporudi Kitale nililitoa gunia la nyuzi, nikaiweka kabureta ya baba mezani mbele yake, ndani ya plastiki yake.

"Ulikuwa nayo siku zote?" akauliza.

"Siku zote."

Akaifungua, akaipuliza vumbi ambalo halikuwapo. Kisha akaenda kwa fundi na hakubishana. Kemshafti ikarudi ya zamani, gurudumu zito likapatikana, choki ikarudi mahali pake. Kichwa cha silinda tu ndicho hakikuwezekana. Chuma kikishasagwa kimesagwa.

Baada ya hapo mimi ndiye niliyempeleka mama kliniki, hadi mwisho. Aliketi mbele, kando yangu, uso wazi, akitazama mahindi ya watu na kuyapa maksi kwa kichwa. Malori yalitupita. Tulipovuka daraja mkono wake wa kushoto ulishika shali mpaka tufike juu. Niliweka gia ya pili.